Maji Kwanza

Mama Tharsisi aliungua mkono mchana kweupe, uani, mbele ya wanawe wawili na mkwe wake, na hakuna aliyemzuia. Hilo ndilo lililomchoma Claudine kuliko kidonda chenyewe. Ajali ya mtu aliye peke yake utaiita bahati mbaya, ukapiga ishara ya msalaba, ukaendelea na maisha. Hii waliiangalia inakuja, wakaipisha.

Na siku yenyewe ilikuwa imeanza kwa furaha. Tharsisi, fundi seremala wa maneno machache anayeishi nje kidogo ya mji wa Kibondo, alikuwa amerudi kutoka Kasulu na mfuko wa kostiki, ile dawa nyeupe kali ya kupikia sabuni. Mkewe Claudine ndiye aliyeisumbukia. Sabuni ya mawese aliijulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, alikokuwa akienda kuuza mboga na kuishia kuwasaidia wanawake wa kikundi kukoroga mapipa yao. Kambi ilipofungwa, wale wanawake wakatawanyika, wengine wakarudi Burundi, wengine wakahamishiwa kambi nyingine, na soko la mboga nalo likafa. Claudine alibaki na kishamba cha mihogo na mikono inayojua sabuni. Akaamua kwamba mikono hiyo ndiyo itakayoishika nyumba.

Mfuko ulikuwa na maandishi ya Kiingereza juu hadi chini. Akaitwa Fidele, mdogo wake Tharsisi, ambaye ndiye msomi wa nyumba kwa vile alimaliza kidato cha nne. Fidele akaushika mfuko, akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu, midomo ikicheza kama anasali. Mwisho akatangaza kwamba hakuna jambo kubwa hapo: unachanganya na maji, unachanganya tena, halafu unachanganya na mafuta. Tharsisi akataka kujua mbona maandishi ni mengi hivyo. Fidele akasema Wazungu wana tabia ya kurudia rudia maneno.

Mama Tharsisi akacheka. Kama ni kuchanganya na maji, nani wa kumfundisha? Tangu usichana wake alikuwa akitengeneza maji ya majivu, yale ya kulainishia maharage na kufulia mashuka: unatoboa chungu, unaweka nyasi chini, unajaza majivu ya maganda ya ndizi, kisha unamwaga maji juu yake taratibu na kungoja yachuruzike. Majivu chini, maji juu. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Akamimina kostiki kwenye beseni, akapandisha mikono ya gauni, akachota kata ya maji.

Claudine aliona. Kule Mtendeli, mama aliyesimamia kikundi alikuwa akitanguliza maji kwenye ndoo, ndipo anayanyunyizia ile dawa kidogo kidogo huku amegeuza uso. Hakuwahi kueleza kwa nini, na Claudine hakuwahi kuuliza, lakini jicho lake lilikuwa limeshika. Mdomo ukamfunguka. Tatizo ni kwamba nyumba ile ilikuwa na desturi yake, wala haikuandikwa popote. Aliyeanza kazi ya chungu ndiye anayeimaliza. Hapokonywi mwiko, haombwi, hasahihishwi. Mkwe anayemshika mkono mama mkwe wake penye chungu amewatangazia majirani kwamba nyumba imepata mwenyewe mpya. Miaka yote ya ndoa yake Claudine hakuwahi kugusa chungu kilichoanzwa na Mama Tharsisi, hata ugali ukianza kuungua. Akaufunga mdomo wake.

Maji yalipoigusa ile dawa, beseni lilinguruma na kuruka. Mama Tharsisi alitoa sauti ambayo watoto wa jirani waliisimulia wiki nzima. Fidele alikimbilia ndani kutafuta mafuta ya kupaka. Claudine aliwahi na ndoo, akamwagia maji yule mama mkono wote, akaleta ndoo nyingine, akamwagia tena, mpaka Tharsisi alipopata pikipiki ya kumpeleka hospitali. Macho yalisalimika. Mkono wa kulia, kuanzia kiwikoni hadi kwenye vidole, ukafungwa bandeji.

Jioni hiyo Tharsisi alilipindua beseni, akaliegemeza ukutani na kusema neno moja tu. "Sabuni haitapikwa tena uani kwangu."

Hakuna aliyembishia. Mama Tharsisi naye, tangu siku ile, hakumsemesha mkwe wake ila kumtuma: lete maji, funga mlango, fukuza kuku. Mkwe akawa anatumwa na kutumika. Kila alipobadilisha ile bandeji aliuona mkono ulivyo, na kila alipouona alijilaani kimoyomoyo.

*

Aliyemjua vizuri Claudine angekwambia kwamba mwanamke huyu hawezi kuliacha jambo likapoa bila kulielewa. Ule mfuko aliukung'uta, akaukunja na kuupeleka kwa Siti.

Siti alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mzaliwa wa Ujiji, mjane, mwenye ulimi mkali na nyumba safi kupita kiasi. Claudine alikuwa akimpelekea mchicha. Siku hiyo alimpelekea mchicha na mfuko, akamwomba amsomee kila kilichoandikwa, asiruke hata kimoja.

Siti akavaa miwani. Mwanzoni alitabasamu, maana aliona alama za vidole vya mtu kwenye mistari ya mfuko. Kisha tabasamu likamtoka. Akauliza nani aliwasomea mara ya kwanza.

"Shemeji yangu."

"Shemeji yako amekuta maneno manne akayafanya moja," alisema Siti. "Hapa wamesema yeyusha. Hapa wamesema koroga. Hapa wamesema unganisha mpaka isionekane tofauti. Na hapa, kwa wino mwekundu, wamesema tanguliza maji, usimwage maji juu ya dawa kamwe. Yeye yote hayo ameyaita changanya."

Claudine alikaa chini pale pale mlangoni. Alijua hasira yake inapaswa kumwendea Fidele, na ilimwendea kiasi, lakini nyingi ilibaki kwake mwenyewe, kwa kuwa Fidele hakujua na yeye alijua nusu. Alimwambia Siti kila kitu, hata ile habari ya kuufungua mdomo na kuufunga. Siti hakumbembeleza. Alimwacha alie kidogo, akampa maji ya kunywa, kisha akamwambia habari nyingine.

Kasulu kulikuwa na mtu wake wa karibu, Saady, mfanyabiashara wa duka la vyombo, anayefungua karakana ya sabuni za mahoteli. Alikuwa akitafuta mpishi mmoja wa sabuni. Angewapima watu kwa vitendo, na maelekezo yangekuwa kwenye karatasi ya Kiingereza, kwa sababu mafuta ya manukato na namna za kuyatumia vinatoka nje, na Saady hataki mpishi wa kusimamiwa. Wanawake wengi wenye mikono wangeshindwa na ile karatasi, na wenye Kiingereza wangeshindwa na sufuria.

"Nifundishe hayo maneno, mwalimu," alisema Claudine.

"Kiingereza chote?"

"Hapana. Haya ya kuchanganya tu. Haya yaliyomuunguza mama."

Tharsisi alipoulizwa aliendelea kupiga randa ubao wake. Mwisho akasema Kasulu si uani kwake. Claudine aliichukua hiyo kama ruhusa, akaondoka kabla mumewe hajafikiria zaidi.

*

Siti alianza kama darasani. Aliandika maneno kwenye karatasi, akaweka maana pembeni, akamwambia Claudine akariri. Claudine alikariri kweli. Kichwa hakikuwa na shida. Siku ya pili Siti alimwuliza tofauti ya "mix" na "blend", naye akajibu kwamba la kwanza ni changanya na la pili ni changanya sana. Siti akaichana ile karatasi. Alisema sasa ameelewa shemeji mtu alivyofika pale alipofika, akaongoza njia kwenda jikoni.

Huko mambo yakawa mengine. Siti aliweka chumvi kwenye glasi ya maji, akamwamuru Claudine azungushe kijiko mpaka chumvi isionekane. Hiyo ni "dissolve": kitu kinapotea ndani ya maji, lakini ukionja kipo. Akampa chai. Kuzungusha kijiko ni "stir". Akampa mayai na mchapo wa waya, akamwambia apige kwa nguvu mpaka yatoe povu, na hiyo ikawa "beat". Akampa unga wa chapati aukande kwa kiganja, akaambiwa anafanya "knead". Vitunguu, nyanya na pilipili vilipoingia kwenye blenda na kutoka rojo moja jekundu, Siti alimwuliza kitunguu kiko wapi. Claudine akachungulia, akasema hajui. "Hapo ndipo 'blend' inapokaa," alisema Siti. "Vitu vimeingia vikiwa mbalimbali, na sasa hakuna anayeweza kuvitenga."

Claudine alilipenda neno hilo, ila hakusema kwa nini. Yeye alizaliwa na wazazi wakimbizi, alitembea kwa mara ya kwanza ndani ya uzio wa kambi ya Mtabila, na leo ana kitambulisho cha taifa kwenye sanduku la nguo. Bado akienda dukani kuna watu wanaoweza kukisikia kitunguu kwenye sauti yake.

Lililomsumbua ni "fold". Siti alisema ni kukunja, kama unavyokunja shuka. Claudine akauliza unakunjaje uji. Siti akapiga mayai yakavimba kama povu la sabuni, akanyunyiza unga juu, akaushika mkono wa Claudine na kuupitisha chini ya bakuli, ukanyanyua, ukageuza, ukalaza juu; polepole, bila kuzungusha, ili hewa isitoke. Kisha akamwachia afanye mwenyewe. Claudine aliushika mwiko kwa mikono miwili, akatanua miguu na kuusukuma kwa nguvu zote za mtu aliyekulia kwenye ugali wa muhogo. Povu likazama lote. Keki iliyotoka kwenye jiko la mkaa ungeweza kuiegemezea mlango.

"Mama, hapa hatusongi," Siti alimwambia huku akicheka mpaka miwani ikateleza. "Neno umelijua. Sasa uambie mkono."

Huo ndio ulikuwa ugumu, na Claudine aliukuta kila mahali. Alikuwa ameyafunga maneno kila moja kwenye chakula chake, "stir" kwenye chai na "beat" kwenye mayai, na Siti alipomwandikia kwamba mtu anafanya "stir" rangi ya nyumba alisema huyo mtu amekosea. Siti akamweleza kwamba neno halikai kwenye chai. Neno lile lile litakwenda kwenye uji, kwenye rangi, kwenye sabuni, na chombo ndicho kitakachokwambia utumie nguvu kiasi gani. Uangalie kilichomo kwanza, ndipo usome.

Akaenda na maneno hayo nyumbani. Akisonga ugali anatamka, akifua anatamka, akichanganya pumba za nguruwe anasimama na kujiuliza hii ni ipi kati ya zile. Tharsisi alidhani mkewe ameanza sala za novena. Mama Tharsisi, akiwa amekaa kivulini na mkono wake mapajani, alimsikiliza siku nyingi. Siku moja alisema, akiwatazama kuku, "Hayo maneno ya kizungu ndiyo yaliyoniunguza mimi."

Claudine alitaka kumjibu kwamba si maneno. Jibu lilimfika kwenye meno, na kwa mara nyingine akalimeza.

*

Wanawake wanne walisimama mbele ya meza nne kwenye ua wa Saady, Kasulu. Kila meza ilikuwa na ndoo, mafuta, kostiki, maji, mwiko, glavu, kichupa cha manukato na karatasi. Saady, mtu mnene mwenye kofia iliyodariziwa vizuri, alitoa masharti kwa upole wa mtu asiyependa kurudia. Hakuna kusema na mwenzako. Hakuna kutoka mezani. Atakayesema au kutoka, kwake mtihani umekwisha. Mkewe Asmahani ndiye aliyezunguka kati ya meza, maana yeye ndiye aliyejua sabuni.

Claudine aliisoma karatasi na moyo ukatulia. Yalikuwepo yote, kama majirani aliowazoea. Alivaa glavu, akatanguliza maji, akanyunyiza kostiki huku amegeuza uso, akaizungusha mpaka maji yakawa maangavu. Dawa ilipoa. Mawese na mafuta ya nazi aliyaunganisha mpaka asiweze kusema hili ni lipi. Akamimina ile dawa kwenye mafuta kwa uzi mwembamba, mkono mwingine ukikoroga. Karatasi ilisema akoroge bila kusimama mpaka iwe nzito, na pembeni wakaonya asiipige. Zamani angeipiga. Sasa alikoroga kwa upande mmoja, polepole, akiangalia rangi ya machungwa ikififia, na mbele kidogo kwenye karatasi aliiona "fold" ikimngoja na manukato yake. Alijua atakavyofanya. Alianza hata kumfikiria Tharsisi atakavyojaribu kuficha furaha yake.

Meza ya pili alikuwa mwanamke wa Mabamba aitwaye Niyubahwe, mwembamba, mwenye jasho usoni. Kostiki yake ya kwanza aliimwaga chini, Asmahani akampa nyingine, na sasa alikuwa nyuma ya wenzake wote, akiharakisha. Karatasi aliisoma; Claudine alimwona akiisoma kwa kidole. Lakini haraka ikishamshika mtu, mkono hurudi kwao. Niyubahwe aliimimina kostiki kwenye ndoo kavu. Akainua jagi la maji, akainama juu ya ndoo ili aone vizuri, uso mzima.

Majivu chini, maji juu.

Asmahani alikuwa meza ya mwisho, amewapa mgongo. Claudine alijua sharti. Alijua pia kwamba sabuni yake imebakiza kidogo tu, na kwamba ikiachwa sasa itaachana. Yote hayo aliyajua kwa wakati mmoja, wala haikuwa rahisi, asikudanganye mtu. Kwa kitambo kidogo alimchukia yule mwanamke.

Kisha akauachia mwiko, akavuka na kuukamata ule mkono wenye jagi.

"Reka," alimwambia kwa Kiha, acha. "Maji yatangulie, dada. Maji kwanza."

Ua mzima ulisikia. Niyubahwe alitazama ndoo, akatazama jagi, akaliweka mezani taratibu. Asmahani alikuja mbio, akaona kilichokuwa kitokee, akaweka mkono kifuani. Alimtazama mumewe. Saady alikuwa amekwisha simama.

Alisema anasikitika, na huenda alisikitika kweli. Lakini alikuwa ametoa masharti na kila mtu aliyasikia. Karakana yake itakuwa na mtu mmoja na karatasi, na yeye anampima mtu anayefuata karatasi. Asmahani alimwambia kwa sauti ya chini kwamba yule mama angepofuka. Saady akajibu kwamba ndiyo sababu yeye na mkewe walikuwepo. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuwa na haja nalo. "Nyie mliokulia kambini mmezoea kusaidiana kwenye mitihani."

Claudine aliisikia na haikumpita. Alisimama ukutani na glavu zake mpaka mwisho, kwa kuwa hakutaka waone anaondoka akilia. Aliitazama sabuni yake ikiachana pale mezani, mafuta yakipanda juu na maji yakizama. Niyubahwe alipewa kostiki nyingine, akaanza upya, mikono imetulia sasa kana kwamba hofu yote imeishia kwenye lile jagi. Sabuni yake ilishikana vizuri kuliko zote. Saady akampa kazi yeye.

Niyubahwe alimfuata Claudine getini. Alitaka kusema mengi na hakujua aanzie wapi, akamshika mikono yote miwili kama wafanyavyo kwao. Claudine alikuwa na uchungu, na uchungu wake haukuwa na adabu siku hiyo. Alimwambia aende kazini. Halafu akamrudia, kwa sababu alijiona mbaya, akamwambia avae glavu kila siku, hata siku ambayo Saady atamwambia anachelewa.

Asmahani alimletea ile ndoo ikiwa imefungwa mfuniko vizuri, jozi mbili za glavu zikiwa juu yake. Alimwambia kwamba mumewe ameitupa, na kitu kilichotupwa anaweza kumpa amtakaye.

*

Nyumbani walimngoja wakiwa wamekaa uani, hata Fidele, ambaye siku hizi alikuwa mnyenyekevu mpaka inachosha. Claudine aliitua ndoo. Tharsisi akaitazama ile ndoo, akamtazama mkewe usoni, akauliza imekuwaje ingawa alikwisha kuona.

Aliwasimulia bila kupamba. Alipofika kwenye jagi la maji, badala ya kumtazama mumewe, alimgeukia mama mkwe.

"Nilimshika mkono, mama. Mtu nisiyemjua hata jina la baba yake. Wako niliuona, nikaufungua mdomo, nikaufunga. Niliogopa desturi kuliko nilivyoogopa ile dawa. Nisamehe."

Bandeji ilikuwa imekwisha kutolewa zamani, na ngozi ya mkono ule ilikuwa nyekundu na laini, imevutana kwenye kiwiko. Mama Tharsisi aliugeuza mkono wake juu chini kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Nilikuona," alisema hatimaye. "Mdomo wako niliuona ulivyofunguka. Nami nikakukazia jicho ili uufunge."

Baada ya hapo alinyanyuka, akaifungua ile ndoo na kuchungulia ndani. Mafuta juu, maji chini. Akauliza kama imekufa. Claudine alijifuta uso kwa kanga, akasema haijafa, imeachana tu. Ikipata moto mdogo na mkono usioiacha, itarudiana.

"Fidele, washa moto. Lete na kile chungu changu kikubwa."

Tharsisi akakohoa. Akamkumbusha mama yake kwamba alisema sabuni haitapikwa tena uani kwake.

"Ulisema uani kwako," alijibu Mama Tharsisi. "Ua huu aliufyeka baba yako."

Tharsisi alifikiri, akaona hana pa kushika, akaenda kulipindua lile beseni lisimame vizuri. Chungu kikawekwa mafigani. Mama Tharsisi akauchukua mwiko wake wa mti, ule ambao hakuna mwingine aliyeushika mbele ya chungu chake, akasogea.

"Ngoja, mama," alisema Claudine. "Vaa glavu kwanza. Na uso usiinamishe."

Haikuwahi kusikika nyumba ile, mkwe akimwamuru mama mkwe penye chungu. Hata Fidele aliacha kupuliza moto. Mama Tharsisi aliuweka mwiko chini, akanyoosha mikono yote miwili, akavalishwa glavu kama mtoto, kisha Claudine akavaa zake.

Akaanza kukoroga. Moto ulikuwa mdogo, Claudine akiuondoa ukuni na kuurudisha. Mwanzoni mafuta na maji vilikimbizana tu chunguni, kila kimoja na njia yake. Mama Tharsisi akauliza, bila kuinua uso, hii anayofanya kizungu chake ni nini. Claudine akamwambia ni "stir". Yeye akalijaribu lile neno, "sita", akaliona halina ladha, akaendelea. Baada ya muda akauliza tena. "Na ikishashikana, isijulikane mafuta ni yapi na maji ni yapi?"

"Hiyo ni 'blend', mama."

Mama Tharsisi aliguna. Ule mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Ngozi mpya haijazoea kazi. Alihamishia mwiko kushoto, akaurudisha kulia, akauma mdomo. Claudine aliona. Hakuinuka kuupokea, lakini safari hii hakunyamaza. "Mkono unakuuma, mama," alisema. "Na chungu hakiwezi kungoja."

Ndani ya chungu ile rangi ya machungwa ilikuwa inaanza kufifia, pembeni kwanza. Mama Tharsisi alisogea nusu hatua. Akaendelea kukoroga huku anaunyoosha mpini upande wa mkwe wake, ili usisimame.

"Basi pokea," alisema. "Mimi nitakaa hapa nikuangalie usije ukasonga."

Claudine akaushika mwiko chini ya mkono wa mama mkwe, wakazunguka nao pamoja mzunguko mmoja, kisha yule mama akaachia.